Nilivyochagua hema la nguzo moja ili Mama apande kwa miguu mpaka kwao Dindira

Wakuu, naingia na uzi wa hema. Msicheke kwanza.

Natumaini kila mmoja yuko sawa na mihangaiko yake. Juzi kuna kijana humu aliuliza achukue hema gani jepesi la kupandia milima. Akajibiwa na watu ambao nina hakika hawajawahi kulala nje hata kwa bahati mbaya. Nikasema hapana, wacha mwenye kuyajua aongee.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Shahidi wangu ni mama yangu mzazi, na mjukuu wake huwa anamsomea nyuzi zangu. Nikiongeza chumvi atanipigia simu.

Kwanza mnijue ninayeongea ni nani.

Mimi ni mtoto wa Sindeni, Handeni. Ada ya shule niliitafuta kwa kuuza machungwa stendi ya Korogwe. Sikuwa na mjomba wizarani, sikuwa na baba mwenye duka. Nikatafuta njia mpaka nikafika Norwe, nikaosha vyombo vya watu, nikasoma usiku, nikapata diploma ya ufundi mitambo. Cheti ninacho, kimening'inia ukutani, anayebisha aje akione.

Huko huko nikafanya kazi kwenye duka la vifaa vya milimani. Kazi yangu ilikuwa kukarabati mahema: zipu, viraka, mishono iliyofumuka. Wakuu, nimekunjua mahema mengi kuliko wengine humu mlivyofungua vitabu.

Nilirudi nyumbani miaka ile biashara huria imeshachanganya. Foleni za sabuni zilikuwa hadithi. Manundu pale Korogwe mitumba ilikuwa inamwagwa chini kwa marobota, kila mtu anachagua koti lake. Nikafungua karakana ya pampu na mashine za kusaga. Nikamwezekea mama bati jipya.

Najisifu? Ndiyo, najisifu. Hayo mabati hayakujiezeka.

Mtaani wakaniita Diploma. Wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli, mimi niliitika kote.

Sasa nimtaje Mama.

Mama yangu ni Msambaa wa Dindira, kule juu kwenye chai na ukungu. Aliolewa na Mzigua wa Sindeni, yaani baba yangu, ambaye ameshatangulia mbele ya haki. Siku anaolewa alishuka mlima kwa miguu mpaka Korogwe, akiwa na kikapu kichwani na shangazi zake wakiimba nyuma yake. Korogwe ndipo walipopanda lori la kwenda Sindeni.

Mimi nikiwa huko baridini, Mama aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Alilala kitandani muda mrefu sana. Watu walishaanza kumzungumzia kwa sauti ya chini. Basi akiwa pale kitandani akaweka nadhiri: akisimama tena, atapanda kwa mama yake kwa miguu, kwa njia ile ile aliyoshukia akiwa bi harusi.

Akasimama. Niliporudi nilimkuta anatembea na fimbo ndefu nyeusi inayomfika kifuani. Alipewa na rafiki yake wa upande wa wafugaji, mama mmoja anayeleta maziwa Sindeni. Mkongojo wa hospitali aliukataa. Alisema ule ni wa wagonjwa.

Na bibi yangu, mama yake Mama, alikuwa bado hai kule Dindira. Mzee kabisa. Hatoki nje ya ua. Kila aliyeshuka kutoka kule alileta neno moja: Bibi anauliza, mwanangu atakuja lini?

Kwa hiyo mnaona. Nadhiri ilikuwa inamngoja Mama, na Bibi hakuwa na muda wa kungoja sana.

Kulikuwa na mjomba wangu Singano, mdogo wake Mama. Yeye alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya chai na aliweza kuazima pikapu. Akashuka Sindeni kuongea na dada yake.

"Dada, gari lipo. Nakuchukua asubuhi, mchana uko kwa mama."

"Singano, nilipolala kitandani nilimwahidi Mungu miguu. Sikumwahidi gari."

"Mungu anajua una nyonga!"

"Ndiyo maana nikamwahidi. Ningekuwa nayo nzima, ahadi ingekuwa na uzito gani?"

Mjomba akanigeukia. "Diploma, wewe ndiye msomi. Mwambie mama yako."

Nikamwambia mjomba, mimi ndiye nitakayempeleka.

Alinitazama kama vile mimi ndiye niliyevunjika, tena kichwani.

Najua mtauliza: hema la nini, si mngelala kwa watu? Hata mimi nilimuuliza Mama hivyo. Njia ile imezungukwa na ndugu zake kila kona. Lakini kwao, binti aliyekaa miaka mingi bila kurudi hapigi hodi kwa mtu kabla hajapiga kwa mama yake. Akianza kwa shangazi, ni kama amemruka mama yake mbele za watu. Na tuwe wakweli, ukila nyumba ya kwanza lazima ule na ya pili. Tungefika tumenenepa na Bibi amechoka kungoja.

Mtu mzima mwenye nguvu anaimaliza njia ile kwa siku moja. Mama na nyonga yake, hapana. Tulihitaji kulala njiani mara mbili, bila kugonga mlango wa mtu. Na mzigo wote, wa kwake na wa kwangu, ulikuwa juu ya mgongo wangu.

Sasa ndiyo tunafika kwenye hema. Kijana uliyeuliza, vuta kiti.

Kwanza nililiangalia hema la turubai, lile la kijani wanalotumia wapima ardhi. Imara sana. Ila ukilibeba, huna nafasi ya kubeba kingine, labda upate na punda.

La pili ni hema la kuba, lile linalosimama kwa vijiti vinavyopinda. Manundu nilikuta moja kwenye robota, zuri kwa macho. Nikahesabu vijiti, havikutimia. Tena vijiti vile kikivunjika kimoja porini, mmebaki na shuka.

La tatu ni ule mfuko wa kuingia mwili mzima, usiopitisha maji. Mwepesi mno. Nilimchorea Mama kwenye karatasi. Akauliza, "Unaingia kichwa na miguu, halafu unafungwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hiyo ni sanda, baba. Niletee nikifa."

Likabaki la nne, na ndilo nililokuwa nalo moyoni tangu mwanzo. Piramidi.

Hema la piramidi ni kipande cha naironi iliyopakwa silikoni, pembe nne, ncha moja juu. Halina sakafu. Halina vijiti. Katikati linasimama kwa nguzo moja, na nguzo yenyewe ni fimbo yako ya kutembelea. Mchana fimbo inakubeba wewe, jioni inabeba nyumba. Ukilikunja linaingia kwenye kikapu cha sokoni na bado nyanya zinapata nafasi. Uzito wake ni kuku mmoja wa kienyeji, tena mtetea.

Upepo ukija unateleza ubavuni, kwa sababu hakuna ukuta ulionyooka wa kuupiga. Mvua inateremka. Na kwa kuwa halina sakafu, unaweza kuingia na matope yako bila kuogopa, unatandika kipande cha plastiki sehemu ya kulala tu.

Ubaya wake nao niuseme, mimi si dalali. Kwa ndani linatoa jasho, hasa kwenye ukungu, inabidi ufute kwa kanga kabla halijaanza kukudondokea. Nguzo inakaa katikati ya kitanda. Na kila kitu kinategemea vigingi. Kigingi cha upande wa upepo kikitoka, umekwisha.

Nikaenda posta Korogwe, nikampigia jamaa niliyefanya naye kazi dukani. Nikamwambia, nitumie piramidi la watu wawili, la kijani. Watu wawili tunasafiri, hema la watu wawili. Hesabu safi kabisa.

Likaja na msafiri mpaka Dar, likapanda basi mpaka Korogwe, nikalifuata mwenyewe stendi.

Siku ya kulijaribu nililisimamisha uani kwetu Sindeni. Majirani wote wakaja. Mkuu, Sindeni ukifungua kitu kipya, hata kopo la rangi, unapata mkutano.

"Diploma, hicho ni chandarua cha ng'ombe?"

"Hapana, kajenga kaburi la Farao."

"Mbona nguzo moja? Hela za nguzo nyingine zimeishia Ulaya?"

Nikamwomba Mama fimbo yake, maana ya kwangu ilikuwa fupi kwa ncha ya hema. Nikaiingiza katikati, nikasukuma juu, nikakaza kamba. Likasimama limenyooka kama limepigwa pasi. Mzee mmoja akaenda kuligonga kwa kidole kama anayepima papai.

Mama akainama, akaingia. Akakaa. Akatazama juu, akatazama pembeni. Akatoka.

"Zuri," akasema. "Na wewe utalala wapi?"

Nikasema, "Si humo humo, Mama. Ni la watu wawili."

Halafu dada yangu Mwanahamisi akaanza kucheka, akacheka mpaka akampa jirani mtoto wake ashike.

"Diploma! Ulale na Mama chumba kimoja? Unarudi kunyonya?"

Wakuu, nyie mnajua. Kwetu, uwe Mzigua uwe Msambaa, mwanamume akishakua hatandiki alipotandika mama yake. Hata nyumba iwe na chumba kimoja, atalala jikoni, atalala kwa jirani. Hilo ni jambo ambalo hata halisemwi, kila mtu anazaliwa nalo. Ila kule nilikotoka tulikuwa tunalala hema moja wanaume, wanawake, wakubwa, wadogo, na mbwa. Hesabu za dukani zikawa zimenikaa kichwani kuliko hesabu za kwetu.

Mwanahamisi mwenyewe asingeweza kwenda kulala na Mama, ana mtoto mchanga. Kubeba hema la pili, mgongo ungekataa.

Hapo sasa ndipo diploma inapoonekana.

Nikaenda Manundu, nikachagua makoti ya mvua ya mitumba, ya naironi nyepesi. Nikayafumua yote, nikampa fundi cherehani mchoro wangu, akayaunga kuwa turubai moja dogo lenye pembe tatu. Mishono nikaipaka silikoni mwenyewe kwa brashi. Likawa linafungwa mbele ya mlango wa hema kama baraza, lakini bila kugusana nalo. Mama ndani, mimi barazani.

Nikalisimamisha. Mama akalizunguka polepole, akapitisha mkono kwenye nafasi kati ya vitambaa viwili.

"Hili paa la nani?"

"Langu."

"Na lile?"

"Lako, Mama."

"Basi hizi ni nyumba mbili. Sawa."

Nikapumua. Lakini hakuwa amemaliza.

"Sasa usiku nikitaka kutoka kujisaidia, nitashika nini? Nikichukua fimbo yangu, nyumba inaniangukia."

Majirani wakaanza upya. Mmoja alilala chini kabisa kwa kicheko.

Nikamjibu pale pale, na jibu hili najivunia mpaka leo: "Utakohoa, Mama. Nami nitakupitishia fimbo yangu chini ya mlango."

Akafikiri. Akakohoa, kunijaribu. Nikampitishia. Akaipokea, akatoka nayo, akazunguka uwanja mzima kwa maringo huku fimbo yake imebaki ndani inashikilia nyumba.

Wakampigia makofi. Wakampigia yeye, si mimi, lakini sawa.

Tukaondoka Korogwe asubuhi, baada ya basi la Sindeni kutushusha. Tukapita mkonge, tukaanza kupanda. Mama alikuwa anatembea kama mtu anayehesabu kitu, fimbo, mguu, mguu, halafu anasimama. Kila aliposimama alikuwa na la kunionyesha. Hapa shangazi yangu alivua viatu. Hapa niliangusha kikapu. Hapa nililia.

"Ulilia nini, Mama?"

"Nilikuwa nimeona Sindeni kwa mbali. Nikaona ni tambarare tupu. Nikasema, sasa huko mtu anajificha wapi akigombana na mumewe?"

Tulilala mara ya kwanza kabla ya kuingia msituni. Ardhi laini, hali ya hewa nzuri, hakuna cha kusimulia. Alikohoa mara moja, nikampa fimbo, akarudi, akasema ahsante baba. Asubuhi nilimkuta ameshafuta ukuta kwa kanga yake na ameshaikamua.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa na mambo.

Njia iliinuka kweli kweli. Ukungu ukashuka. Nyonga ikaanza kumuuma, nikaiona kwa jinsi alivyoacha kuongea. Mchana tukatokea mahali njia ya miguu inapokata barabara ya mashamba ya chai. Na pale barabarani nani amesimama? Mjomba Singano, na pikapu, injini inawaka.

"Dada, mvua inakuja. Tazama kule. Mama yetu tangu asubuhi amekaa uani kwenye baridi, hataki kuingia ndani, anasema unakuja. Panda. Hakuna atakayekuona."

"Niliyemwahidi anaona."

"Dada, utakufa kwenye barabara ya watu!"

Mvua ikaanza pale pale, na upepo wake. Ule upepo wa mgongo wa mlima ambao unakuja kutoka pande zote kwa zamu. Mama akanitazama. Alikuwa anatetemeka.

"Nyumba yangu iko wapi?"

Wakuu, mjomba aliniambia wazi wazi, na mikono yake kiunoni: "Nakupa nafasi moja na hilo shuka lako. Likianguka, nambeba dada yangu na kumwingiza garini, atake asitake. Na wewe sitaki nikusikie."

Kwa hiyo pale haikuwa tena suala la hema zuri au baya. Hema likianguka, nadhiri imeanguka.

Nililisimamisha chini kuliko kawaida, pindo ziguse majani ili upepo usipate pa kuingilia. Mlango nikaugeuzia upande uliokingwa na ukingo wa barabara. Fimbo ya Mama katikati, nikaiegemeza kidogo. Vigingi nikavipiga kwa kuvilaza nje, si wima, maana ardhi ilikuwa inalainika kama ugali wa moto. Mama akaingia. Mimi na mjomba tukabaki nje, kwa sababu na yeye, kaka wa mtu, ataingiaje kulala kwa dada yake?

Upepo ukalipiga. Likabonyea, likarudi. Likabonyea, likarudi.

Halafu kigingi cha upande wa upepo kikatoka.

Niliona pembe nzima ikiinuka kama kanga kwenye kamba. Nikairukia, nikailalia kwa tumbo. Nikamwita mjomba alete mawe. Akasimama, akanitazama, akatazama gari lake. Ilikuwa ni nafasi yake. Angengoja kidogo tu, ingekuwa imekwisha.

Ndani ya hema Mama akapiga kelele.

"Singano!"

"Dada!"

"Nimeshika nguzo! Nyumba imesimama! Lete mawe, acha ujinga!"

Mjomba akaenda kwenye mawe. Alikuja nayo mikononi, akayapanga juu ya vigingi moja moja, mvua inamchuruzika puani, huku anamlaumu dada yake, ananilaumu mimi, anailaumu Norwe yote. Mama alikaa ndani ameikumbatia fimbo kwa mikono miwili mpaka upepo ulipochoka.

Upepo ulipotulia nikalifunga turubai langu la makoti, mjomba akaingia chini yake. Tukakaa migongo imegusana kupeana joto. Halafu akasema:

"Hili shuka. Wanaliuza wapi?"

Ule usiku Mama alilala mpaka asubuhi bila kukohoa.

Kesho yake mjomba aliliacha gari pale pale barabarani, akatembea nasi. Alibeba mzigo wangu nusu. Tukapita kwenye chai, wachumaji wakasimama na vikapu vyao migongoni, wakamwita Mama kwa jina lake la usichana. Hakusimama kwa mtu. Aliinua mkono tu.

Bibi alikuwa amekaa uani, kwenye mkeka, amefunikwa blanketi. Mdogo kama mtoto. Macho yake hayakuwa yanaona mbali, lakini alisikia fimbo.

Mama akasimama nje ya ua. Akasema hodi.

Bibi hakujibu karibu. Alisema, "Mbona umechelewa?"

Mama akaenda kwa magoti. Hapo mimi nikatazama pembeni, kulikuwa na mti wa parachichi unaohitaji kuangaliwa.

Walivyomaliza kulia walianza kuongea kwa Kisambaa cha haraka, na mimi Kisambaa changu ni cha kuombea chakula, lakini nilisikia wanataja nyumba. Bibi alikuwa anataka kuiona hiyo nyumba iliyotembea na mwanawe. Nikaisimamisha hapo uani. Jua la asubuhi lilikuwa limepasua ukungu. Naironi ikishapata jua, ndani mnakuwa na joto la jikoni. Tukambeba Bibi tukamwingiza. Mama akaingia, akalala pembeni yake. Binti na mama yake, wao wanaruhusiwa.

Tulisikia wanacheka humo ndani mpaka chakula kikapoa.

Tulikaa pale siku kadhaa, na kila asubuhi Bibi alikuwa hataki jiko, hataki blanketi, anataka kuwekwa kwenye hema. Anaota joto humo, ameegemea fimbo, anapokea wageni kama chifu. Watu walikuwa wanainama kumwamkia.

Siku ya kuondoka nikaanza kung'oa vigingi. Bibi akaniuliza, unafanya nini? Nikamwambia, Bibi, tunarudi Sindeni.

"Rudini. Nyumba iacheni."

Nikalitazama hema langu. Lililovuka bahari. Nikasema sawa, Bibi, ni lako. Na nilisema kwa moyo mmoja, ingawa nilimeza mate.

Shida ilikuwa nguzo. Mama anahitaji fimbo yake. Mjomba, mtu wa vitendo, akaenda nyuma ya nyumba akarudi na mti wa mkaratusi, umenyooka, ameumenya gamba, kipimo kile kile kabisa. Mti mzuri kuliko fimbo yenyewe.

Bibi akaupapasa. Akaurudisha.

"Huu haujatembea," akasema.

Mjomba akajaribu. "Mama, mti ni mti. Nyumba itasimama vile vile."

"Nimesema huu haujatembea. Ule umekuja na mwanangu kwa miguu. Nauacha uondoke, nabaki na nini?"

Sote tukamtazama Mama. Alikuwa amesimama mlangoni mwa hema, mkono wake umeishika ile fimbo pale juu, mahali palipong'aa kwa kushikwa. Akaipapasa kidogo. Halafu akaiachia.

Akanyoosha mkono hewani, hakutazama upande wangu, alijua tu nitakuwa hapo. Akashika bega langu.

"Twende, baba."

Nikampa fimbo yangu fupi, akasema hiyo ni yangu, niishike mwenyewe. Tukatembea hivyo mpaka barabarani kwenye gari. Kushuka alishuka kwa gari, nadhiri ilikuwa ya kupanda tu. Na tangu siku ile hakutafuta fimbo nyingine. Akitaka kwenda mahali, anaita bega. Nikiwa karakana ananingoja.

Sasa la kitaalamu, nimalizie. Naironi huliwa na jua. Hema la namna ile halitakiwi kuachwa limesimama juani kila siku, linapauka, halafu linachanika kama karatasi. Mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote Tanga nzima. Siku ile uani kwa Bibi nililijua. Nikanyamaza.

Lilipauka kweli. Bibi aliota joto humo asubuhi nyingi sana, na lilipochanika mjomba alikuwa analitia viraka vya makoti ya mvua, vibaya, lakini alitia. Bibi alipotangulia, lilikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa chenyewe.

Kijana uliyeuliza: chukua piramidi. Chukua lenye ncha inayolingana na fimbo utakayotembea nayo kweli, si ya kwenye karatasi. Vigingi vipana kwa ardhi ya mvua. Kanga ya kufutia. Na kabla hujaangalia limeandikwa la watu wangapi, jiulize unasafiri na nani, na kwenu mnalalaje. Hilo dukani hawakuambii, na mimi nimefanya kazi dukani.

Wenye uzoefu wa mahema mengine karibuni mniambie, nyumba yenu ya porini ilisimama kwa nguzo gani? Wa kubisha pia karibuni, vyeti ninavyo.

Na kama kuna mtu wa Dindira humu, ukipita kwa mjomba Singano utaiona fimbo nyeusi nyuma ya mlango. Iangalie tu. Usiisogeze.